Kota zetu zinataka kuvunjwa: tudai nini kabla ya kukabidhi funguo?

SWALI: Ninaishi kwenye kota za manispaa hapa Dar es Salaam. Baba alipanga nyumba hii akiwa mfanyakazi wa bandarini. Mimi nimezaliwa humu, na wajukuu zangu wawili wamezaliwa humu. Mwezi uliopita tuliitwa mkutanoni, tukaonyeshwa picha za maghorofa, tukaambiwa mradi utakuwa shirikishi. Tulisaini karatasi ya mahudhurio. Sasa tunaambiwa tujiandae kupisha ujenzi. Paa linavuja, choo cha uani kimechoka, kwa hiyo sipingi nyumba mpya. Ninachoogopa ni kutoka nisirudi. Tudai nini? Na mwarobaini alioupanda baba mbele ya nyumba, nao utahesabiwa?

JIBU: Mama, shikamoo. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na nitaanza na neno ambalo ningependa uwafikishie majirani hata kama hawatasoma mengine: msikabidhi ufunguo wa nyumba ya zamani kwa ahadi. Mkabidhi mkipokea ufunguo wa nyumba mpya. Pale ambapo hilo haliwezekani kabisa, mkabidhi kwa mkataba uliosainiwa na pesa ya kodi iliyokwisha kuingia benki. Leo, mkiwa bado ndani ya kuta hizo zinazovuja, mradi hauwezi kuanza bila ninyi. Siku mtakapokuwa mmetawanyika Mbagala, Kivule na Bunju, mtakuwa majina ndani ya faili, na faili halina haraka.

Magomeni Kota unaijua, ila niipitie kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 familia 644 ziliondolewa pale, nyumba zikavunjwa, zikaahidiwa kurudi kwenye majengo mapya. Mradi ukakwama, eneo likabaki wazi miaka nenda miaka rudi. Oktoba 2016 Rais Magufuli alifika, akaagiza serikali ijenge na wakaazi wale wakae miaka mitano bila kulipa kodi. Kazi ikapewa Wakala wa Majengo Tanzania, na Machi 2022 Rais Samia akazizindua nyumba hizo. Watu wakarudi, na kila nikipita pale nafurahi kuona nguo zimeanikwa. Lakini hesabu miaka: mtoto aliyebebwa mgongoni siku ya kuhama alirudi akiwa anamaliza shule ya msingi. Wako wazee ambao hawakurudi kabisa.

Vitu viwili viliwaokoa wale. Kimoja ni agizo la Rais, na hilo huwezi kulipangia ratiba. Cha pili kilikuwa mikononi mwao: idadi yao haikupotea. Kwa miaka yote ile, popote walipokuwa wamepanga, walikuwa na kamati inayosema sisi ni familia 644, na hiyo 644 ndiyo iliyojengewa. Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ni orodha.

Kabla ya orodha, nikueleze mnaposimama kisheria, maana watu wengi hulijua hili wakiwa wamechelewa. Ninyi ni wapangaji. Ardhi na jengo ni vya manispaa. Kukaa miaka 50, au kupokea nyumba kutoka kwa baba, hakukufanyi kuwa mmiliki, na anayekuja kuwaambia mtalipwa fidia ya ardhi anawapotosha. Haki yenu ya kurudi itatoka kwenye karatasi mtakayosaini na mwenye nyumba. Kama karatasi haipo, mtabaki na huruma ya atakayekuwa ofisini mwaka huo. Hata hivyo hamko mikono mitupu. Mradi mkubwa wa namna hii unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na tathmini hiyo inatakiwa kuwasikiliza wanaoguswa na mradi. Ombeni nakala yake mapema na mpeleke maoni yenu kwa maandishi, yapokelewe kwa muhuri. Ile karatasi ya mahudhurio nayo isiwanyime usingizi, ila msiiache hivihivi. Andikeni barua fupi kusema kwamba mlisaini kuthibitisha kuhudhuria, hamkusaini kukubali, na mwombe muhtasari wa kikao kile.

Sasa orodha. Manispaa ina rejista yake ya wapangaji, na nina uhakika nusu ya majina yaliyomo ni ya watu waliokwisha kufariki. Ndivyo kota zilivyo. Jina ni la baba, anayelipa ni mtoto wa pili, na aliyeko ndani ni shangazi. Uani kuna vyumba viwili vya mabati vilivyopangishwa kwa kijana wa bodaboda na mama mwenye watoto watatu. Mbele kuna genge. Mkiiacha rejista ya ofisini iwe ndiyo orodha ya mradi, mtagombana wenyewe kwa wenyewe kabla hata ya kufika kwa mkandarasi, na nimeona mitaa ikivunjika kwa sababu hiyo. Fanyeni sensa yenu. Mbinu bora ninayoijua ilitumika Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Serikali ya kaunti ililitangaza eneo lile mwaka 2017 kuwa la mipango maalumu, na wakaazi wakajipanga kaya kumikumi, kila kumi wakichagua mmoja wa kuwasemea, na wale waliochaguliwa wakakutana ngazi ya juu yake. Mukuru ina kaya zaidi ya 100,000. Kama iliwezekana huko, kota 100 hazina sababu ya kushindwa. Nanyi mnao wajumbe na mazoea ya nyumba kumi, kwa hiyo hamuanzi sifuri.

Kwa kila nyumba andikeni nani anaishi humo leo, tangu lini, anafanya kazi gani, nani mgonjwa au mlemavu, nani anafanya biashara hapohapo. Pigeni picha ya mlango ukiwa na watu wake wamesimama mbele. Orodha ibandikwe hadharani siku 14 watu waikosoe, kisha isainiwe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Na wale wapangaji wa uani muwaandike pia, Mama. Najua wapo watakaosema hao si wa hapa. London, tangu mwaka 2018, mradi mkubwa wa kubomoa nyumba za umma unaotaka fedha za jiji lazima upigiwe kura na wakaazi, na kura ile hawapewi wapangaji wa moja kwa moja peke yao. Hata anayeishi mtaani hapo ambaye jina lake limekaa mwaka mzima kwenye foleni ya kuomba nyumba ya umma, anapiga. Wapangaji wa uani labda hawatapata nyumba sawa na yenu, lakini wapate notisi ya kutosha, pesa ya kuhamia, na nafasi ya kwanza kwenye nyumba zitakazobaki za kupangisha. Mkiwatupa, wao ndio watakaosimamishwa kusema kwamba wakaazi wameafiki.

Jambo linalofuata ndilo lenye pesa, na hamtaambiwa mpaka muulize: jengo gani linaanza kujengwa? Nikueleze hesabu inavyokwenda. Tuseme mko kaya 100 kwenye nyumba za chini. Mwendelezaji, yaani mwenye mradi anayejenga ili apate faida, atajenga nyumba 400 za ghorofa, 100 zenu na 300 za kuuza au kupangisha kwa bei ya soko, pamoja na fremu za biashara chini. Faida ya zile 300 ndiyo inayolipia zenu. Mpango wa namna hiyo si mbaya, miji mingi duniani inajenga hivyo. Hatari yake ni mpangilio. Mwendelezaji akianza na zile za kuuza, kisha wanunuzi wakasuasua au mkopo wa benki ukapanda riba, jengo litakalosubiri ni lenu. Kwa hiyo daini jengo la kwanza liwe la kurudi. Angalieni eneo lenu: kuna uwanja, kuna sehemu ya stoo ya zamani, kuna kota chache zilizokwisha kubomoka? Hapo pajengwe kwanza, watu wahame hatua chache tu, kisha nyumba zao za zamani zivunjwe kupisha jengo la pili. Unahama mara moja. Watoto hawabadilishi shule, na genge halipotezi wateja. Mhandisi atasema ni ghali na inachelewesha kazi. Ni kweli inachelewesha. Mjibu kwamba hata kuhama kwenu kuna gharama, ila yenyewe haionekani kwenye vitabu vyake.

Isipowezekana, na kuna viwanja vilivyobanana ambavyo kweli haiwezekani, basi mnahitaji malazi ya muda au pesa ya kodi. Hapa majirani zetu wa Nairobi wana mafunzo mawili. Kibera, upande wa Soweto Mashariki, watu walihamishwa Septemba 2009 kwenda majengo ya muda yaliyoandaliwa Lang'ata, nyumba 600, ambako familia moja ilipewa chumba kimoja, jiko na choo wakachangia na familia nyingine. Nyumba 822 walizokuwa wakizisubiri zilikamilika mwaka 2016, baada ya kesi mahakamani na kuchelewa kwingi. Miaka saba kwenye chumba cha muda! Katika kota za Pangani, hukohuko Nairobi, mradi ulikuwa mdogo, familia 48, na kila moja ilipewa shilingi 600,000 za Kenya za kulipia kodi kwingine kabla ya kubomolewa. Pesa mkononi ni bora kuliko ahadi, ila soma kipengele chake kwa makini. Kikisema kodi ya miezi 24, basi mwezi wa 25 ni juu yako, jengo likiwa limefika ghorofa ya tatu. Andikeni hivi: kodi italipwa miezi sita sita kwa mkupuo, hadi siku mkaazi atakapokabidhiwa ufunguo. Mwenye mradi akichelewa, alipe yeye, na hapo atakuwa na sababu ya kuharakisha.

Niseme pia neno ambalo wataalamu wenzangu hawalipendi. Ulizeni kama kuvunja ni lazima. Kwa kota za chini zilizojengwa na wakoloni baada ya Vita Kuu ya Pili, katikati ya jiji lenye njaa ya ardhi, mara nyingi jibu ni ndiyo, na nadhani kwenu ni hivyo. Lakini wasomaji wanaoishi kwenye maghorofa ya zamani wasikubali haraka. Bordeaux, Ufaransa, majengo matatu ya miaka ya 1960 yenye nyumba 530 yalikuwa yamechakaa. Wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal na wenzao hawakuyavunja. Waliyaongezea vibaraza vipana mbele kama nguo mpya juu ya ya zamani, wakabadilisha vyoo, lifti na nyaya, na wakaazi hawakuhama. Mwaka 2019 kazi ile ilipata tuzo kubwa ya usanifu wa majengo Ulaya.

Tuje kwenye michoro, maana ndiko neno "shirikishi" linakoishia mara nyingi: ukumbi, projekta, picha za watu wanaotabasamu kwenye bustani, kisha soda. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha aina hiyo, michoro ikiwa ni ya timu yangu. Bibi mmoja alinyanyuka, akaomba kuonyeshwa ngazi. Akauliza: "Mtu akifia ghorofa ya nne, jeneza litapinda wapi?" Ukumbi ukanyamaza. Tulipima usiku ule, na jeneza lisingepinda. Kona ya ngazi ilikuwa finyu, na lifti ilikuwa ya kusimama watu wanne. Tulibadilisha ngazi zote. Katika miaka yangu ya kazi sijapata maoni ya kitaalamu yaliyozidi lile swali, na lilitoka kwa mtu aliyeishi mahali ambapo misiba inafanyika kweli.

Kwa hiyo msikubali kuonyeshwa picha. Ombeni ramani ya nyumba moja ichorwe kwa chokaa uwanjani, kwa ukubwa wake halisi, muingie mtembee ndani. Leteni kitanda, leteni kabati. Mpike mkiwa wawili jikoni. Mjiulize turubai la msiba litafungwa wapi, maiti itaoshewa wapi, wanawake watapikia wapi shughuli ya watu 200. Nguo zitaanikwa wapi ili zisidondoke kwa jirani? Mkaa utawashwa wapi siku gesi imeisha? Mtoto wa miaka sita akicheza chini, mama yake ghorofa ya tano anamwonaje? Kwenye kota uani ndio jiko, chumba cha wageni na shule ya chekechea. Ukiuondoa bila kuweka kitu badala yake, watu wanalipeleka jiko kwenye korido, na mwaka wa pili jengo jipya limeshaanza kuwa jeusi. Ombeni ukumbi wa chini wenye maji na sakafu ya kuosheka, na muupiganie kuliko vigae vya sebuleni. Wenye magenge na mama lishe waandikiwe fremu ndogo au vizimba kwa jina, kwa kodi inayojulikana leo, kabla fremu kubwa za barabarani hazijagawiwa.

Ugawaji wa nyumba nao muukubaliane sasa, mkiwa bado marafiki. Wazee, wagonjwa na walemavu wapewe za chini bila bahati nasibu, na waliobaki waokote karatasi za bahati nasibu hadharani. Kama majirani watatu wanataka kukaa mlango kwa mlango kwa sababu wanaleleana watoto, waokote pamoja karatasi moja. Hilo halimgharimu mwendelezaji hata shilingi, na mtaa unabaki kuwa mtaa.

Mfano unaonisikitisha kila ninapoufundisha ni wa Byker, Newcastle, Uingereza. Msanifu Ralph Erskine alipewa kazi ya kuujenga upya mtaa ule wa wafanyakazi mwishoni mwa miaka ya 1960. Alifungua ofisi mtaani, ndani ya duka la zamani la mzishi, mlango wazi, watu wakiingia kuuliza na kulalamika. Kaya za kwanza zilishiriki hata kuchora nyumba zao. Leo majengo yale yanalindwa kama urithi. Lakini ubomoaji ulikwenda mbio kuliko ujenzi, watu wakatafuta pengine pa kukaa, na waliokaa kwenye Byker mpya kati ya wale wa mwanzo hawakufika hata robo. Ushirikishwaji ulikuwa wa kweli, na bado waliutengeneza mtaa kwa ajili ya watu wengine.

Maisha baada ya kuingia nitayagusa kwa ufupi. Kwenye kota unalipa kodi na umeme wa Luku. Kwenye ghorofa kuna pampu ya maji, lifti, taa za ngazi, mlinzi, uzoaji taka, na siku moja kuna paa la kupaka rangi. Daini makadirio ya gharama hizo kwa mwezi, kwa maandishi, kabla ya kusaini, kisha kila familia ijiulize kama itaweza. Familia nyingi huhama baadaye kimyakimya, zikipangisha nyumba kwa mwenye uwezo, kwa sababu ya gharama hizi zaidi ya kodi yenyewe. Fremu mbili za chini zikiwa mali ya umoja wa wakaazi, kodi yake inaweza kulipia pampu na taa kila mwezi. Liombeni hilo sasa, maana majengo yakiisha hakuna atakayewapa. Na kama mpango ni kuwauzia hatimaye, mjue kuna Sheria ya mwaka 2008 inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake. Bei na namna ya kulipa iandikwe leo, au angalau kanuni ya kuikokotoa.

Kazi zenyewe msizisahau. Hananasifu, Kinondoni, katikati ya miaka ya 1990, wakaazi ndio waliochimba na kujenga mifereji ya mtaa wao kwa malipo, kupitia kamati yao. Vijana wenu waajiriwe kwenye mradi, na kipengele hicho kiwe ndani ya mkataba wa mkandarasi.

Kuhusu karatasi ya kurudi: iwe moja kwa kila kaya, si barua moja ya jumla kwa mtaa mzima. Iwe na majina ya mume na mke wote wawili, picha zao, ukubwa wa nyumba watakayorudi, kodi itakayoanzia, na jina la mrithi endapo mpangaji atafariki akisubiri. Mrithi msimwache. Mradi ukichukua miaka mitano, msiba hautakosekana, na nimekutana na mjane aliyeambiwa kwamba haki ilikuwa ya marehemu. Kabla ya kusaini mpitieni wakili. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kuna watoa msaada waliosajiliwa wanaowasaidia bure wasio na uwezo, na ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa inaweza kuwaelekeza. Kamati yenu ikitaka kuwa na nguvu ya kusaini kama chombo, mnaweza kujisajili kama ushirika wa nyumba.

Mwarobaini sasa. Utahesabiwa ukiandikwa, na usipoandikwa utakatwa asubuhi ya kwanza na dereva wa greda ambaye hana kosa, kwa sababu kwenye ramani aliyopewa hapo ni peupe. Kabla ya michoro, mpima ardhi hupita kuchukua vipimo vya eneo. Siku hiyo uwepo. Mpeleke hadi kwenye shina, mwambie aupime na upana wa kivuli chake, kisha omba kuiona ramani yake uhakikishe kaduara kamewekwa. Jengo likiwa bado ni mistari, kulisogeza mita tatu ni kazi ya mchana mmoja. Nami ningekuwa msanifu wenu, lile turubai la misiba ningelipangia hapo, chini ya mti wa mzee.